Handaki la Kampuni: Namna ya Kuchagua Hisa za Kukaa Nazo Miaka Mingi

Biashara ikianza kuingiza faida nono, habari hazifichiki. Mwenye mtaji anaiona, anaulizia mashine zinaagizwa wapi, anafungua ya kwake, anashusha bei kidogo. Anafuata wa tatu, kisha wa nne. Miaka michache baadaye wote wanagawana faida nyembamba, na aliyenufaika ni mteja. Biashara nyingi huishia hivyo, na ndiyo sababu hisa nyingi hazimtajirishi anayezishikilia hata awe na subira ya namna gani.

Zipo lakini kampuni chache ambazo washindani wanaziona, wanazitamani, wana fedha za kuzishambulia, na bado miaka 20 ikipita faida yake iko pale pale. Mwekezaji wa Marekani Warren Buffett, aliyeiongoza kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway kwa takriban miaka 60, alizoea kuifananisha kampuni ya namna hiyo na ngome iliyozungukwa na handaki, shimo refu la kuwazuia maadui. Mwongozo huu wote unahusu handaki hilo: namna ya kulitafuta, kulipima, na kujua linapoanza kufukiwa. Swali la kubaki nalo mwanzo hadi mwisho ni moja. Akija mshindani mwenye fedha nyingi, wataalamu wazuri na uvumilivu wa miaka 10, ni kitu gani hasa kitakachomzuia asiwachukue wateja hawa?

Hatua ya 1: Ieleze biashara kwa maneno yako

Chukua karatasi. Andika nani anailipa kampuni, analipia nini, analipa mara ngapi, na kwa nini haendi kwa mwingine. Ukishindwa kujibu la nne, hujafika mahali pa kununua. Hakuna aibu kuiacha kampuni kwa sababu hujaielewa. Zipo maelfu sokoni, na wewe unahitaji chache tu.

Kisha soma ripoti zake za mwaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kusoma ripoti za miaka 10, ukianza na ya zamani zaidi. Wengi huanza na ya karibuni, na hapo hukosa kitu muhimu. Ukianza na ya zamani unaona viongozi waliahidi nini, halafu unafungua ya mwaka uliofuata na kuona kama walitimiza au waliacha kuitaja ahadi kimyakimya. Ukimaliza, soma ripoti mbili tatu za mshindani wake mkuu. Mshindani mara nyingi hueleza udhaifu wa kampuni unayoipenda vizuri kuliko kampuni yenyewe.

Hatua ya 2: Hakikisha faida ya juu ipo kweli

Kabla ya kutafuta sababu ya handaki, thibitisha kwamba kuna kitu kinacholindwa. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni faida inayopatikana kwa kila shilingi ya mtaji uliowekwa kwenye biashara. Hesabu yake si ngumu:

– Chukua faida ya uendeshaji, yaani ile ya kabla ya riba na kodi, kisha toa kodi.
– Jumlisha mtaji wa wanahisa na madeni yanayotozwa riba, kisha toa fedha taslimu ambazo shughuli za kila siku hazizihitaji.
– Gawanya cha kwanza kwa cha pili.

Fanya hivyo kwa kila mwaka katika ile miaka 10, ukihakikisha kuna miaka mibaya ndani yake, kama 2008 na 2009, au 2020. Kampuni inayopata asilimia 15 au zaidi mwaka hadi mwaka, hata uchumi ulipoyumba, inastahili muda wako. Iliyopata asilimia 30 mwaka mmoja na asilimia 4 mingine yote ilibahatika tu.

Usikubali kutumia faida kwa mtaji wa wanahisa peke yake, maana deni huipamba. Tuseme kampuni ina mali za milioni 100 na inapata milioni 10 kabla ya riba. Ikiwa haina deni, wanahisa wanapata asilimia 10. Ikiwa milioni 80 ni za mkopo wa riba ya asilimia 5, riba itakula milioni 4, zitabaki milioni 6 kwa mtaji wa milioni 20, yaani asilimia 30. Kodi nimeiacha ili hesabu iwe nyepesi. Biashara ni ile ile, uwezo wake ni ule ule. Kilichoongezeka ni hatari.

Kwa nini kipimo hiki kina uzito hivyo? Tazama kampuni mbili zinazotaka kukua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ya kwanza inapata asilimia 20 kwa mtaji wake, kwa hiyo inahitaji kurudisha nusu tu ya faida kwenye biashara. Nusu ya pili inaweza kuwagawia wanahisa. Ya pili inapata asilimia 8. Hata ikirudisha faida yote haitafika asilimia 10, lazima ikope au iuze hisa mpya. Ukuaji unaoandikwa kwenye magazeti ni sawa kwa zote mbili, ila mwenye hisa wa kampuni ya kwanza anapokea fedha, na wa kampuni ya pili anaombwa aongeze.

Linganisha pia faida iliyotangazwa na fedha taslimu zilizoingia kutokana na shughuli, ukitoa zilizotumika kununulia mitambo na majengo. Faida ikipanda kila mwaka huku fedha taslimu hazionekani, au fedha ambazo wateja bado wanadaiwa zikikua haraka kuliko mauzo, simama hapo.

Hatua ya 3: Itaje sababu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Takwimu nzuri za miaka 10 zinaonyesha kwamba handaki lilikuwepo, hazisemi lilichimbwa na nini wala kama litakuwepo kesho. Usipoweza kuitaja sababu kwa jina, chukulia kwamba haipo.

Sababu ninayoipenda zaidi, kwa kuwa hutulia bila kelele, ni ugumu wa mteja kuhama. Kampuni ikishaweka hesabu zake zote, mishahara, stoo na ankara katika programu moja, kuihama si suala la kulinganisha bei mbili. Wafanyakazi wafundishwe upya, kumbukumbu za miaka zihamishwe bila kupotea, na kosa moja siku ya mishahara laweza kumfukuzisha meneja kazi. Ndiyo maana wauzaji wa programu za kuendeshea kampuni kubwa, kama SAP ya Ujerumani na Oracle ya Marekani, hukaa na mteja mmoja miaka na miaka. Kampuni nyingi za aina hii hutangaza asilimia ya wateja wanaobaki kila mwaka. Itafute. Wakibaki 95 katika kila 100, mteja wa wastani hukaa kama miaka 20. Wakibaki 80, hukaa kama miaka 5. Kwa macho tofauti ya 95 na 80 ni ndogo, lakini kwa biashara ni mbingu na ardhi.

Ya pili ni mtandao, ambapo kila anayejiunga anaongeza thamani kwa waliotangulia. Maduka hupokea kadi za Visa na Mastercard kwa sababu wateja wanazo, na wateja huzibeba kwa sababu maduka huzipokea. Anayeanzisha kadi mpya leo hana maduka kwa kuwa hana wateja, na hana wateja kwa kuwa hana maduka. Hilo ni handaki la kina. Lakini si kila mtandao unao ulinzi huo. Mwaka 2005 News Corporation ilinunua kampuni mama ya MySpace kwa dola milioni 580, wakati mtandao huo ulikuwa na umati wa watumiaji. Mwaka 2011 iliuuza kwa takriban dola milioni 35. Watumiaji walikuwa wengi, ila kufungua akaunti kwingine kulikuwa bure, na mtu aliweza kuwa kote kuwili hadi atakapochagua. Kwa hiyo usiridhike na idadi ya watumiaji. Uliza kama mtumiaji anaweza kuwa kwenye mitandao miwili kwa wakati mmoja bila kutoa chochote.

Ya tatu ni gharama ndogo ambazo mwingine hawezi kuziiga. Neno zito hapo ni kuiga. Kupunguza wafanyakazi au kubana ubora, kila mtu anaweza. Tafuta gharama ndogo inayotokana na eneo, utaratibu wa kazi au wingi. Costco, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa ya wanachama, huweka nyongeza isiyozidi takriban asilimia 15 juu ya bei iliyonunulia bidhaa, na sehemu kubwa ya faida yake hutokana na ada ya uanachama. Wanachama wakiongezeka inanunua kwa wingi zaidi, ikinunua kwa wingi inapata bei nafuu, bei nafuu inaleta wanachama wengine. Duka jipya likitaka kushindana litalazimika kuuza kwa bei hizo hizo bila kuwa na wingi huo, yaani kula hasara kwa miaka. Wengi wa wanahisa wa duka hilo jipya hawatakuwa na subira hiyo. Kumbuka pia kwamba wingi hupimwa ndani ya soko husika. Kampuni ndogo inayotawala soko finyu yaweza kuwa na ulinzi kuliko jitu lililotapakaa kila mahali bila kutawala popote.

Ya nne ni jina, na hapa wanunuzi wa hisa hujidanganya mno. Kujulikana si handaki. Majina ya mashirika makubwa ya ndege yanajulikana dunia nzima, lakini msafiri akitafuta tiketi huzipanga kwa bei. Jina lenye nguvu ni lile linalomfanya mnunuzi alipe zaidi, au achukue bila kutazama pembeni. Mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote ni See's Candies, watengenezaji wa peremende na chokoleti wa California, walionunuliwa na Berkshire mwaka 1972 kwa dola milioni 25. Wakati huo ilikuwa ikipata chini ya dola milioni 5 kabla ya kodi, na biashara ilihitaji mtaji wa dola milioni 8. Kufikia 2007 faida kabla ya kodi ilikuwa dola milioni 82, na mtaji uliohitajika ulikuwa dola milioni 40 tu. Uzito wa bidhaa zilizouzwa haukufika hata maradufu katika miaka hiyo 35. Sehemu kubwa ya tofauti ni bei iliyopandishwa kidogo kidogo, na wateja hawakuondoka.

Ili kupima uwezo huo wa kupandisha bei, tafuta miaka ambayo malighafi zilipanda ghafla, kama 2021 na 2022, kisha tazama asilimia ya faida ghafi (mauzo ukitoa gharama ya bidhaa yenyewe) kwa mauzo. Ikishuka kidogo na kurudi mwaka uliofuata, mteja amelipa. Ikishuka na kubaki chini, kampuni ndiyo iliyolipa. Kipimo hiki hakikuchukui saa moja, nacho huchuja majina mengi kuliko chochote ninachokijua.

Haki za kisheria zinakaa karibu na jina: hataza, yaani haki ya kutumia uvumbuzi wako peke yako, na leseni. Hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu maombi yanapowasilishwa, na kwa dawa sehemu ya miaka hiyo huisha kwenye majaribio kabla hata ya kuuza. Lipitor ya Pfizer, dawa ya kolesteroli iliyowahi kuuzwa kuliko dawa nyingine yoyote duniani, ilipoteza ulinzi wa hataza Marekani mwishoni mwa 2011, na mauzo yakaporomoka. Kampuni yenye hataza moja kubwa ina saa inayohesabu. Unachotaka ni kampuni inayozalisha hataza mpya kabla za zamani hazijaisha. Kwa leseni, jiulize nani aliyeitoa na anaweza kuitoa kwa wangapi zaidi.

Mwisho kuna masoko yasiyotosha wawili: bomba la mafuta, reli, uwanja wa ndege. Anayetaka kujenga la pili sambamba na la kwanza anajua wote wawili watapata hasara, basi haji. Ulinzi huu ni mzuri, ila serikali nyingi hupanga bei za huduma za namna hii, hivyo soma kanuni za bei kabla ya kusoma faida.

Hatua ya 4: Ondoa vinavyofanana na handaki

Ukubwa ndio unaopoteza wengi. General Motors iliongoza dunia kwa mauzo ya magari kuanzia 1931 hadi Toyota ilipoipita mwaka 2008. Mwaka 2009 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kuuza mengi kuliko wengine hakukuizuia kupoteza fedha kwenye kila kundi la magari ambalo mteja angeweza kununua kwingine kwa bei sawa.

Mitambo mipya nayo huvutia. Berkshire yenyewe ilikuwa kampuni ya nguo. Buffett aliishika mwaka 1965, na viwanda vya nguo vilifungwa mwaka 1985. Katika miaka hiyo 20 mapendekezo ya kununua mashine bora hayakukoma, na kila moja lilionyesha kwa hesabu kwamba gharama zingepungua. Zilipungua kweli. Tatizo ni kwamba washindani walinunua mashine zile zile, bei ya kitambaa ikashuka, na nafuu yote ikaenda kwa mnunuzi. Kila unapoona kampuni ikitangaza uwekezaji mkubwa utakaopunguza gharama, uliza ni nani mwingine anayeweza kuununua mtambo huo huo. ASML ya Uholanzi ni tofauti kwa sababu jibu ni hakuna. Ndiyo kampuni pekee duniani inayouza mashine za kuchapa chipu kwa mwanga wa urujuanimno wenye mawimbi mafupi kabisa, na nyuma ya mashine hiyo kuna miongo ya utafiti na wasambazaji waliokua pamoja nayo. Mtu hawezi kununua miaka hiyo.

Bidhaa nzuri, kiongozi hodari na sekta inayokua haraka ni neema, lakini havimzuii mtu kuingia. Sekta inayokua haraka inastahili tahadhari zaidi, maana penye urembo ndipo penye urimbo. Ukuaji huita mitaji, na mitaji huleta washindani ambao baadhi yao wako tayari kupata hasara kwa miaka ili wachukue soko.

Hatua ya 5: Linapanuka au linafukiwa?

Handaki halisimami mahali pamoja. Kila mwaka linaongezeka au linapungua, hata kama faida ya mwaka huo haisemi lolote. Nadhani hili ndilo jambo gumu kuliko yote, kwa sababu handaki linaweza kuliwa kwa chini huku takwimu za juu zikimeremeta.

Kodak inafundisha hili vizuri. Mhandisi wake Steve Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali mwaka 1975, ndani ya kampuni hiyo hiyo. Kodak haikukosa kujua. Ilikuwa na handaki pana kwenye filamu na karatasi za picha, faida tamu sana, na kila hatua ya kuelekea dijitali ilikuwa inakula faida hiyo. Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama. Nokia, iliyoongoza dunia kwa simu za mkononi wakati iPhone inatoka mwaka 2007, ilikuwa imeuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft kufikia 2014. Katika mifano yote miwili ulinzi ulihusu namna moja ya kukidhi haja ya mteja, na mteja akapata namna nyingine. Hakuna aliyelivuka handaki. Watu walihama tu ngome yenyewe.

Kwa hiyo kila mwaka tazama dalili hizi kwa pamoja. Asilimia ya faida ghafi inapungua polepole bila sababu ya mwaka mmoja. Matangazo na gharama za kupata wateja zinakua haraka kuliko mauzo. Wateja wakubwa wanaanza kudai punguzo na kulipata. Kampuni inanunua kampuni nyingine nje ya kazi yake ya asili, kana kwamba haiamini tena ya nyumbani. Dalili moja yaweza kuwa bahati mbaya. Mbili kwa miaka miwili, rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza.

Niliwahi kushikilia hisa za kampuni iliyoongoza soko lake, sitaitaja. Faida ghafi ilishuka miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka nilipata maelezo: malighafi, sarafu, hali ya hewa. Maelezo yote yalikuwa ya kweli. Lakini mshindani wake alikuwa na malighafi zile zile na sarafu ile ile, na faida yake haikushuka. Ningesoma ripoti ya mshindani mwaka wa kwanza, ningejua.

Hatua ya 6: Walioshika fedha

Sehemu hii haihitaji mengi. Tazama idadi ya hisa miaka 10 iliyopita na leo. Ikiwa imeongezeka sana, kipande chako kimekuwa kikikatwa. Tazama kampuni zilizonunuliwa na kama miaka mitano baadaye zilifutwa kama hasara kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni. Tazama wakurugenzi wanalipwa kwa kigezo gani: ukubwa wa mauzo, au faida kwa mtaji. Watu hufanya kile wanacholipiwa.

Hatua ya 7: Bei

Kampuni bora ikinunuliwa kwa bei mbaya ni uwekezaji mbaya. Microsoft ilikuwa na handaki la wazi mwishoni mwa 1999, na halikuvunjwa. Mauzo yake ya mwaka yalipanda kutoka takriban dola bilioni 23 mwaka wa fedha wa 2000 hadi zaidi ya dola bilioni 85 mwaka wa 2016. Lakini aliyenunua kwenye kilele cha Desemba 1999 alingoja hadi 2016 ili bei ya hisa ipite pale alipoinunulia. Alikuwa sahihi kuhusu kampuni, na alingoja karibu miaka 17 akiwa na gawio tu, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa.

Fanya hesabu hii kabla ya kila ununuzi. Tuseme faida kwa hisa itakua asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka 10, yaani itafika kama mara 2.6 ya leo. Ukinunua kwa bei ambayo ni mara 30 ya faida, na miaka 10 baadaye soko likawa tayari kulipa mara 15 tu, fedha zako zitakuwa mara 1.3, sawa na asilimia 2.6 kwa mwaka bila gawio. Ukinunua kwa mara 40, utakuwa na pungufu ya ulizoweka. Ukinunua kwa mara 18 na bei ikaangukia mara 15, utapata karibu asilimia 8 kwa mwaka, na gawio juu yake. Kampuni ni moja katika mifano yote mitatu.

Mimi huandika makadirio mawili: ukuaji ninaouamini na ukuaji mbaya kidogo. Nikiona hata kwenye ule mbaya bado napata zaidi ya riba ya hatifungani ya serikali, yaani ya kuikopesha serikali, nanunua. Nisipoona, naliweka jina kwenye orodha na bei ninayoisubiri kando yake. Baadhi ya majina yamekaa humo miaka.

Hatua ya 8: Gawa, kisha andika

Hata ukifuata yote haya utakosea baadhi. Profesa Hendrik Bessembinder alipochunguza hisa zote za Marekani tangu 1926 hadi 2016, aligundua kwamba faida yote ya soko zima, juu ya ile ya hati za hazina (mikopo ya muda mfupi ya serikali), ilitokana na takriban asilimia 4 ya kampuni. Nyingi zilizobaki hazikuzishinda hata hati hizo. Takwimu hiyo inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: wachache wenye mahandaki ya kweli wanabeba karibu kila kitu, na ni rahisi sana kuwakosa. Kwa hiyo gawa fedha zako kwa kampuni kati ya 10 na 20 zisizotegemea jambo moja, na tumia fedha ambazo hutazihitaji kwa miaka mitano angalau. Kama huna muda wa kusoma ripoti, mfuko unaofuata fahirisi ya soko zima, yaani unaonunua kipande cha kila kampuni sokoni, utakupa wale wachache pamoja na wengine wote kwa gharama ndogo, na hilo ni chaguo la mtu mwenye akili.

Kwa kila kampuni unayoinunua, tengeneza ukurasa mmoja. Juu andika sababu ya handaki kwa sentensi moja. Chini yake andika namba tatu utakazozifuata: faida kwa mtaji, asilimia ya faida ghafi, na moja inayohusu biashara hiyo yenyewe, kama wateja wanaobaki au ada za uanachama. Kisha andika tukio ambalo likitokea utauza, ukilitaja waziwazi, kwa mfano: faida ghafi ikishuka miaka miwili mfululizo wakati ya mshindani haishuki. Andika tarehe na bei. Bei ya hisa ikiporomoka kesho, fungua ukurasa huo kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Ikiwa hakuna kilichobadilika humo, huna sababu ya kuuza, na pengine una sababu ya kuongeza. Ripoti mpya ya mwaka ikitoka, jaza namba tatu za mwaka huo kando ya za mwaka uliopita, kwa kalamu, kabla hujasoma barua ya mwenyekiti.